Mhariri, sio uvivu, hatuna wa kutuuliza "ikawaje?"

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako tukufu (hilo tukufu nimeliweka maana kila barua naona inaanza nalo, naogopa nisipoliweka yangu itaishia kapuni) nimjibu yule mwandishi wenu wa safu ya Jumamosi aliyesema riwaya za Kiswahili zimekauka kwa sababu sisi tunaojiita waandishi ni wavivu, tunataka jina bila jasho, tukimaliza kurasa kumi tunakimbilia kupiga picha tumeng'ata kalamu. Hiyo ya kung'ata kalamu nimecheka, hapo kasema kweli. Ila hayo mengine hapana jamani. Nimeisoma makala ile mara mbili hapa dukani, na mara ya pili niliisoma kwa sauti mpaka jirani yangu muuza chipsi akachungulia kuuliza nagombana na nani.

Mi nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga. Fotokopi, kuprinti, lamineshini, picha za pasipoti, kuchapa barua za kuomba kazi na matangazo ya arobaini. Na mwaka wa tatu huu naandika riwaya. Sijaimaliza. Kwa hiyo kama ni kesi ya uvivu basi mimi ni mshtakiwa, wacha nijitetee.

Naamka saa kumi alfajiri maana ndo saa pekee nyumba yangu inanyamaza. Nabandika chai, nafungua kompyuta, nasoma nilichoandika jana. Hapo ndo balaa linapoanzia. Jana nimelala najiona mwandishi, nimejifunika shuka natabasamu peke yangu, leo alfajiri sura ile ile naiona kama barua ya kuomba ruhusa kazini. Nafuta. Naandika sentensi, naipenda, naisoma tena, nafuta. Saa kumi na mbili mtoto anaamka anatafuta soksi, nahesabu, mistari minne. Lakini kuna siku nyingine bwana inashuka yenyewe kama mtu ananisomea sikioni, vidole havitoshi, chai inapoa mpaka inaota ngozi juu, mtoto anaondoka na soksi mbili za rangi tofauti na mimi sina habari, kurasa tano, kurasa sita, na siku hiyo nikifika dukani hata mteja akinipa noti imechanika katikati naipokea tu. Shida ni kwamba hujui leo ni siku ipi. Ukijua unaweza kulala zile mbaya zote ukaamka zile nzuri, ila huwezi, lazima uamke zote.

Dukani nako naandika, katikati ya wateja. Nina Yohana wangu, kijana wa kwenye riwaya, amejificha kwenye mkonge, mnyapara anapita na mbwa, roho iko juu, "dada naomba kopi mbili za kitambulisho, mbele na nyuma". Natoa kopi. Narudi, Yohana bado amejificha lakini mbwa sijui kaenda wapi. Na kompyuta yenyewe haijui Kiswahili, kila neno inapigia mstari mwekundu, ukurasa mzima unakuwa kama mtoto mwenye surua, na nikiandikia kwenye simu ndo kabisa, "kama" inageuka karma na "sana" inageuka Santa, kuna aya moja mkulima wa Kasulu alikuwa amechoka Santa, nikaja kuiona baada ya wiki mbili.

Sasa niseme riwaya yenyewe inahusu nini maana bila hapo hamtanielewa. Inahusu manamba, wale watu waliokuwa wanaletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge huku Tanga enzi za mkoloni, jina lenyewe limetokana na namba walizopewa. Yohana ni kijana wa Kiha, analetwa mwaka 1955, anakata mkonge kwenye shamba moja upande wa Korogwe, anampenda msichana, anaamua kutoroka. Huo ndo mkeka wenyewe, mengine ni ukindu.

Mwanzo wangu wa kwanza kabisa ulikuwa wa historia. Nilianza na yule Mjerumani Richard Hindorf aliyeleta mkonge kutoka Florida mwaka 1893, miche 1,000 ikapakiwa, iliyofika ikiwa hai na kupandwa ni 62 tu, na kutoka kwenye hiyo 62 ndo yakaja mashamba yote haya mnayoyaona mkipita na basi. Kurasa saba. Nilikuwa nazipenda kurasa zile jamani! Nilizifanyia kazi mwezi mzima maktaba.

Hapa ndo anaingia mzee. Jina lake silitaji, hajanipa ruhusa, na baiskeli yake watu wa barabara hii wote wanaijua. Alikuwa anakuja kila siku ya shule kumsubiri mjukuu wake wa chekechea anayetoka saa tano na nusu, na benchi langu lina kivuli, kwa hiyo anaegesha baiskeli, shikamoo, marahaba binti, anakaa. Siku moja nikiwa naprinti ile sura ya kwanza akaomba kuona ni nini, miwani yake haikusaidia, nikamsomea. Nikasoma kurasa zote saba. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyu Mzungu atarudi tena huko mbele?"

Nikamwambia hapana babu, anatokea hapo mwanzo tu.

"Basi mwache aende zake."

Mhariri, niliumia. Siku hiyo nilifunga duka mapema nikasema huyu mzee anajua nini. Usiku nikafuta kurasa zote saba, riwaya ikaanza na Yohana anateremka kwenye lori na miguu imekufa ganzi. Kesho yake saa tano mzee akakaa, nikamsomea, nilipoishia akasema "enhe, ikawaje?" Nikasema babu ndo nimeishia hapo. Akasema haya, kesho.

Neno "kesho" lile ndo lililoniandikisha riwaya. Sio kipaji wala nini. Ilikuwa haiwezekani mzee akae pale saa tano halafu mimi niseme babu leo sina kitu, ningemtazama vipi? Kuna siku niliandika ukurasa saa nne na nusu huku napiga picha ya pasipoti kwa mkono mwingine.

Na sio kwamba alikuwa ananisifia. Alikuja kuniambia amezaliwa kambini, baba yake alikuwa manamba, kwa hiyo kila kosa alilidaka. Nilikuwa nimempandisha Yohana treni Kigoma nikamteremsha Korogwe, na ndani ya treni hiyo, baada ya Morogoro, ndo akakutana na yule msichana, sura niliyoipenda kuliko zote. Mzee akauliza, "Treni hiyo ilipita wapi?" Nikasema reli babu. Akasema reli ya Kigoma inakwenda Dar es Salaam, ya kwenu Tanga inakwenda Moshi, mwaka huo zilikuwa hazijuani. Nikaenda maktaba kuhakikisha na kweli, ile njia ya kutoka Ruvu kuja kuunganika na reli ya Tanga pale Mruazi ilikamilika mwaka 1963. Miaka minane Yohana wangu alikuwa anapita hewani. Baba yake mzee walishushwa treni njiani wakamaliziwa na lori, basi na mimi ikabidi nihamishe mapenzi yote kutoka kwenye behewa kuyapeleka kwenye lori, na lori la enzi hizo kwa alivyoniambia hamsikilizani, vumbi, injini, watu wanatapika, hakuna wa kunong'ona. Wiki tatu nilikwama pale. Mwisho msichana hakusema neno hata moja njia nzima, alimshikia Yohana kofia yake isipeperuke, basi. Hiyo kofia imebeba riwaya mpaka leo na nisingeipata kwenye treni.

Halafu mazungumzo. Siku moja akanikatisha katikati, "Binti, mbona hawa wote wanaongea kama taarifa ya habari?" Nikajitetea kwamba ni Kiswahili sanifu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akanifanyia Mngoni anavyomjibu Mmakonde, Mmakonde anavyomtania Mnyamwezi, na mnyapara wa pwani anavyowacheka wote watatu, benchini pale, na mteja mmoja aliyekuja kulaminishia cheti akasahau cheti. Na mama mmoja kwenye riwaya yangu alikuwa na mimba tangu sura ya tatu, mzee akahesabu kwa vidole mvua zilizopita, akauliza hii mimba ya tembo? Miezi kumi na minne. Nilikuwa nimemsahau maskini.

Jambo lililonifanya nikae niandike barua hii lakini ni la flashi. Najua mtasema mtu wa steshenari anapotezaje flashi. Mganga hajigangi. Niliiweka mfukoni mwa dera, dera likaingia kwenye beseni la sabuni na Jumamosi hiyo nilifua kwa hasira. Kwenye kompyuta nilikuwa na nakala ya zamani, sura tatu nzima hazikuwemo, ya kumi na moja, ya kumi na mbili na ya kumi na tatu. Nililia Mhariri, sio machozi ya kupangusa na kanga, nililia mpaka mume wangu akadhani nimepigiwa simu ya msiba. Nikaikausha kwenye mchele, nikaiweka juani, nikaichomeka, kompyuta ikanitazama tu.

Jumatatu mzee akaja. Nikamwambia imekwisha, mimi riwaya sitaki tena, nakaa na lamineshini yangu. Akasema, "Andika." Niandike nini babu? "Andika, nakwambia mimi." Akaanza kunisimulia. Hadithi yangu mwenyewe! Tangu pale Yohana anapokatwa mshahara, anavyokwenda kwa mganga wa kambi, barua kutoka nyumbani inavyosomwa na karani mlevi anayeruka mistari. Yote alikuwa nayo kichwani, mtu ambaye miwani anasahau kila siku. Nikachapa. Nilifungua mlango nusu, wateja niliwaambia mashine mbovu (Mungu anisamehe). Tulichukua siku nne, kila siku mpaka mjukuu anakuja mwenyewe na mwalimu wake kumfuata babu.

Na hakunirudishia vilevile. Alibadilisha. Karani mlevi kwangu alikuwa anaruka mistari kwa sababu ya pombe, kwa mzee karani anaruka kwa makusudi, barua inasema mama yake Yohana amekufa na karani hawezi kumwambia kijana mbele za watu siku ya mshahara, ndo anajifanya mlevi. Nikaacha kuchapa nikamwangalia. Nikasema babu mimi sikuandika hivyo. Akasema, "Si ulivyonisomea?" Anaapa kabisa ndivyo nilivyomsomea. Sasa nani mtunzi hapo? Mimi nimeiacha kama alivyoisema, na kitabu kikitoka mtaona hiyo sura, ndo bora kuliko zote na si yangu.

Huyo mwandishi wenu wa Jumamosi anasema uvivu.

Baada ya flashi nikapata moto. Ilikuwa inakaribia Novemba 2024, mdogo wangu aliyeko Uingereza akaniambia kuna Wamarekani wana kitu kinaitwa NaNoWriMo, kilianza mwaka 1999, kila Novemba watu wanaandika maneno 50,000 ndani ya siku 30, yaani 1,667 kwa siku. Nikamwambia mzee. Yeye badala ya kushangaa akasema hiyo ni kipande. Nikauliza kipande gani, akanieleza kadi ya manamba, ina vyumba 30, ukimaliza ngwe yako ya siku inatiwa alama, usipomaliza haitiwi na siku yako imekwenda bure, mshahara mpaka vijae vyote thelathini, ila walikuwa na siku 42 za kuvijaza maana mtu anaumwa, mvua inanyesha, mtu anafiwa. Nikaona huyo mkoloni na ukatili wake wote alijua kitu ambacho Wamarekani hawakijui, kwamba ndani ya siku 30 mtu lazima atafiwa. Nikachora kipande changu, vyumba 30, siku 42, ngwe yangu nikaiweka maneno 600 sio 1,667 maana mimi sio kichaa, nikakipiga lamineshini nikakining'iniza nyuma ya kaunta. Kila jioni mzee... samahani, kila asubuhi mzee akija anakagua kama mnyapara, jana umemaliza ngwe? Nikisema maneno 480 babu, anasema haitiwi. Kuna siku nilimwomba anitilie kwa 590, akakataa! Kwenye wiki ya tatu msichana wangu wa kazi akakifuta na kitambaa akidhani ni uchafu, wino wa maka unafutika kwenye plastiki, ikabidi tukumbuke upya alama zote. Mpaka siku ya 42 nilikuwa na alama 26. Sikulipwa mshahara, ila maneno zaidi ya 15,000, na hao wenye NaNoWriMo wenyewe mwaka uliofuata wakafunga.

Januari mjukuu akaingia darasa la kwanza, shule nyingine, anafuatwa na basi. Hakuna kilichotokea kingine. Mzee mzima wa afya, yupo mjini, ila hana tena sababu ya kupita barabara yangu saa tano. Wiki ya kwanza nilikuwa bado naweka benchi nje. Wiki ya pili niliandika kurasa mbili. Februari nikaandika Yohana amefika ukingoni mwa Mto Pangani usiku, ametoroka, nyuma kuna tochi zinakuja, mbele maji meusi na mamba. Nikafunga kompyuta. Kesho yake saa kumi nikaamka, chai, nikafungua, nikasoma. Vizuri tu, haikuwa mbaya. Nikaanza kuwaza, akivuka au asipovuka nani ataniuliza? Nikarudi kulala.

Nilijaribu WhatsApp, msidhani nilikaa tu. Nikafungua grupu, simulizi kwa wiki shilingi 500, wakaingia watu 37. Wenzangu wanaoishi kwa kazi hiyo nawaheshimu, mi imenishinda. Kwanza nilipoandika Yohana kapelekwa kufanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge kutoa katani, nikapata ujumbe kumi na kitu, "dada korona mwaka 1955?" Watu wa Dar hao. Pili wanataka episodi mbili kwa siku, na mapenzi yaongezwe, mmoja kaandika "mkonge unatuchosha". Tatu siku ya tisa nikatumiwa sura yangu mwenyewe kutoka grupu lingine, jina langu limetolewa limewekwa la kaka mmoja na namba yake ya kulipia, na anauza shilingi 300. Nikafunga. Waliolipa mbele nikawarudishia, na makato ya kutuma nikalipa mimi.

Kuna wanaosema tuzo zipo. Zipo ndiyo, hii ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023 na ni jambo jema, nami nikimaliza nitapeleka. Lakini tuzo inamkuta mtu kitabu kishakwisha. Mimi naongelea Jumanne, saa kumi alfajiri, mistari minne. Nani yupo pale? Hata Shaaban Robert wetu, mtu wa Machui hapa hapa Tanga, mchana alikuwa karani wa serikali miaka nenda rudi, forodha, idara ya mifugo, upimaji ardhi, na kuandika kulikuwa juu ya hiyo kazi, alikufa mwaka 1962 na Utubora Mkulima ikatoka 1968, miaka sita yupo kaburini. Ila yeye alikuwa na ndugu yake Yusuf Ulenge wa kumwandikia barua, na barua zilizochapishwa zinaanza mwaka 1931 mpaka 1958. Miaka 27 mtu ana mtu wa kumwandikia. Si haba.

Sasa Mhariri nakuja kwenye ombi langu, samahani nimezunguka, nilishaambiwa kwamba nazunguka. Rudisheni hadithi ya mfululizo. Nakumbuka nilipokuwa shule magazeti mengi yalikuwa nayo, ukurasa wa ndani, inakatwa pale pale mtu anafungua mlango, chini imeandikwa "itaendelea", na baba alikuwa anatukataza kufungia maandazi gazeti la wiki hiyo mpaka mama amalize. Siku hizi ukurasa ule umejaa mikeka ya kubeti na ratiba za ligi za huko Ulaya. Sisemi muache mpira, mume wangu atanifukuza. Nasema nusu ukurasa, Jumamosi, maneno 1,000. Anayeandika awe amejifunga kuleta kabla ya Jumatano, na nyie mna wahariri, mtatukata tunapozunguka, mtatuuliza treni imepita wapi. Hiyo ni ngwe na mnyapara kwa pamoja. Na gazeti sio rahisi mtu kufuta jina langu akaweka lake, watu watakuwa wameshaliona. Nyie watu wa magazeti mna deni pia, yule Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliyetuletea yule mpelelezi Bwana Msa kwenye riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, si alikuwa mhariri mwenzenu?

Hela mtajua wenyewe, mkitoa ya bando inatosha kwa kuanzia. Wala sio lazima iwe yangu. Wekeni ya kijana yeyote, wa Mtwara, wa Mwanza, wa Mombasa, mi nitakuwa wa kwanza kununua na nitaandika kuuliza ikawaje. Lakini iwe kwenye karatasi, maana mzee wangu hana simu ya kupangusa, ila gazeti lenu analinunua, ndo hilo alikuwa analiweka chini ya kiti cha baiskeli.

Wiki iliyopita nilimwona. Niko kwenye bajaji na rimu za karatasi miguuni, yeye yuko upande wa pili anasubiri kuvuka na baiskeli, foleni imesimama. Nikapiga kelele shikamoo babu. Akanikodolea macho, miwani hana, akanijua kwa sauti. Hakuuliza hali, hakuuliza watoto, watu wote wanasikia pale barabarani, akaita, "Yohana kavuka?"

Nikasema kavuka babu.

"Na kofia?"

Nikasema na kofia. Akatikisa kichwa, kafurahi, foleni ikatembea.

Hajavuka, Mhariri. Yupo pale pale tangu Februari, maji yanamfika magotini na kofia kaishika mkononi. Namba yangu ya simu ipo nyuma ya bahasha.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa steshenari,
Ngamiani, Tanga